Data za dodoso zinapotoa majibu ya ajabu: kuifuata dalili mpaka kwenye chanzo

Matatizo mengi ya utafiti wa kaya hayaonekani uwandani. Hujitokeza siku mtafiti anapofungua faili la data na kukuta kwamba nusu ya kijiji ina umri wa miaka 30, 40 au 50, kwamba wakulima wanaondoka kwenda shambani saa nane za usiku, kwamba wanawake wa mtaa mzima hawana kazi, na kwamba kila mtu anaridhishwa sana na uongozi wa kijiji chake. Wengi wetu hapo hukimbilia programu ya takwimu: tunafuta safu zinazosumbua, tunajaza mapengo kwa wastani, tunabadilisha jaribio mpaka jibu litulie. Mwongozo huu unashika njia nyingine, kwa sababu dalili moja huweza kuwa na vyanzo viwili au vitatu, na tiba ya chanzo kimoja huharibu data ambazo tatizo lake lilikuwa lingine kabisa.

Kabla ya kugusa chochote, ipasue dalili kwa mambo manne: mdadisi aliyehoji, kitongoji, tarehe na saa ya mahojiano, na mtu aliyejibu ndani ya kaya. Dalili iliyoko kwa mdadisi mmoja tu inatokana na mafunzo yake au na mazingira yake ya kazi. Ikiwa kwa wadadisi wote, litazame swali lenyewe. Ikiwa imeanza tarehe fulani, tafuta ni nini kilibadilishwa katika fomu siku hiyo. Uchunguzi huu hauwezekani bila safu hizo nne, na inasikitisha kwamba safu ya namba ya mdadisi ndiyo ambayo wanafunzi wengi huifuta kwanza wakidhani haina kazi. Usiifute mpaka tasnifu imekwisha kutetewa.

Mahojiano ni mafupi mno, au yanafanana mno

Dodoso lililochukua dakika 45 wakati wa majaribio linarudi likiwa limemalizwa kwa dakika 12, jibu la "sijui" halionekani popote, na maswali yanayofungua matawi yamejibiwa "hapana" mfululizo. Shaka ya kwanza huwa kwamba madodoso yamejazwa chini ya mwembe. Shaka hiyo ni ya haki, lakini isiwe hukumu.

Katika kazi moja niliyoisimamia, ramani ilionyesha madodoso 14 ya binti mmoja yakiwa yamerundikana mahali pamoja, nje ya ofisi ya kata. Nilimwita nikiwa nimeshamhukumu moyoni, na nikamsema mbele ya wenzake. Alichonionyesha ni kishikwambi chake: swali la mahali tulikuwa tumeliweka mwisho wa fomu, kifaa kilikuwa kinachukua dakika nyingi kupata setilaiti chini ya paa la bati, wenye nyumba walikuwa wameshachoka kumsubiri, naye akawa analiacha swali hilo moja na kulijaza jioni akiwa amesimama uwanjani. Tulirudi kwenye kaya tano kati ya zile 14. Zote tano zilimkumbuka, na bibi mmoja alitueleza hata rangi ya kitenge alichokuwa amevaa. Kosa lilikuwa la aliyepanga fomu, yaani mimi, na nilimwomba radhi mbele ya watu walewale waliosikia shutuma.

Kutofautisha vyanzo kunawezekana. Dodoso la kubuni huanguka kwenye ziara ya marudio: chagua kaya chache za kila mdadisi, uliza mambo yasiyobadilika kwa wiki mbili, kama vile aina ya paa, idadi ya watoto wa shule na kiwango cha elimu cha mkuu wa kaya, kisha linganisha. Njia ya mkato huonekana kwa mwendo wa siku: ikiwa siku ya kwanza asilimia kubwa ya wahojiwa walisema wana mifugo, na siku ya kumi, katika vitongoji vya namna ileile, karibu wote wamesema hawana, basi mdadisi amekwisha kugundua kwamba "ndiyo" humfungulia maswali kumi na mawili zaidi. Chanzo chake mara nyingi ni malipo ya kwa kila dodoso, au lengo la madodoso kwa siku lisiloendana na umbali anaotembea. Hitilafu ya fomu, kwa upande wake, huwagusa wote wanaotumia toleo lilelile, na hapo hakuna wa kulaumiwa uwandani.

Umri unarundikana, au unakimbia mpaka

Mrundikano wa umri kwenye tarakimu 0 na 5 una kipimo cha zamani na rahisi, kielezo cha Whipple. Chukua watu wote wenye umri wa miaka 23 hadi 62, hesabu wale ambao umri wao unaishia na 0 au 5, zidisha kwa 5, gawanya kwa idadi ya wote, kisha zidisha kwa 100. Ukiwa na watu 320 na kati yao 96 wana umri wa namna hiyo, kielezo ni 150. Thamani ya 100 ina maana hakuna upendeleo wowote wa tarakimu, 500 ina maana kila mtu ametajwa kwa 0 au 5, na kwa mgawanyo unaotumiwa na Umoja wa Mataifa data zilizo kati ya 125 na 175 huitwa za mashaka.

Usiishie kwenye namba hiyo. Hesabu kielezo kwa waliojisemea wenyewe na kwa waliosemewa na mwenzao wa kaya. Kikiwa kikubwa kwa waliosemewa tu, tatizo ni mjibuji, na tiba ni kumtafuta mhusika mwenyewe. Kikiwa kikubwa kwa wadadisi wawili kati ya wanane, hao wawili wanakadiria kwa macho. Kikiwa kikubwa kwa wote, tatizo ni kwamba watu hawaijui tarehe, na hapo kalenda ya matukio ndiyo msaada wa kweli: mhojiwa haulizwi tena ana miaka mingapi, anaulizwa kama alikuwa amezaliwa wakati wa Uhuru, wakati wa Azimio la Arusha mwaka 1967, wakati wa Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, au alikuwa darasa la ngapi Mwalimu alipofariki Oktoba 1999. Kalenda ya kitaifa peke yake haitoshi. Mwaka wa mafuriko ya mto wenu, mwaka wa kufunguliwa kwa shule ya kata na mwaka wa ukame uliomaliza ng'ombe hukumbukwa vizuri zaidi na bibi wa kijijini kuliko tarehe za vitabuni.

Dalili iliyo jirani na hiyo ni pengo kwenye mpaka wa umri. Ikiwa dodoso refu ni la wanawake wa miaka 15 hadi 49, angalia kama walio na miaka 14 na 50 wamezidi kuliko walio na 15 na 49. Ikiwa sehemu ya afya ya mtoto ni ya walio chini ya miaka mitano, angalia kama watoto wa miaka mitano kamili wamejaa. Hapa mdadisi anajipunguzia kazi kwa kumsogeza mtu mwaka mmoja. Hakuna marekebisho ya baadaye yatakayowarudisha wanawake ambao hawakuhojiwa, kwa hiyo mchoro wa umri uchorwe kila jioni ya wiki ya kwanza, wakati bado timu iko kijijini na inaweza kurudi mlangoni.

Kauli za mizani hazishikamani

Hapa ndipo tasnifu nyingi hukwama. Mtafiti ametumia kauli kumi za kupima, tuseme, imani ya wananchi kwa serikali ya kijiji, kila moja ikiwa na majibu matano kuanzia "sikubaliani kabisa" hadi "nakubaliana kabisa". Anahesabu alfa ya Cronbach, kipimo cha jinsi kauli zinavyoshikamana kilichopewa umbo lake mwaka 1951, na kupata 0.38. Msimamizi wake anataka 0.7. Usiku huohuo kauli zinaanza kufutwa mojamoja mpaka alfa ipande, na kinachobaki ni kauli nne ambazo hakuna aliyepanga kwamba ndizo zitakazobeba dhana nzima.

Chanzo cha kwanza cha kuchunguza ni ukanushi, na hili ni jambo la lugha yetu hasa. Msomee mhojiwa kauli hii: "Viongozi wa kijiji hawasikilizi maoni ya wananchi." Mzee mmoja anajibu "Hapana," akimaanisha kwamba si kweli, wanasikiliza. Jirani yake anajibu "Hapana," kisha anatikisa kichwa na kuongeza taratibu, "hawasikilizi." Neno ni lilelile na maana zimepishana kabisa, na mdadisi mwenye haraka ameshagusa "sikubaliani" kwa wote wawili kabla ya yule wa pili kumaliza sentensi. Hali ni hiyohiyo kwa maswali ya chakula: ukiuliza "Je, hukukosa chakula wiki iliyopita?" jibu la "Ndiyo" kwa Mswahili ni la kawaida kabisa, na lina maana ya "ndiyo, sikukosa". Aliyetunga swali kwa Kiingereza na kulitafsiri usiku wa kuamkia mafunzo alitegemea jambo la kinyume chake.

Chanzo cha pili ni uhariri: kauli kanushi zilieleweka vizuri, ila mtafiti amesahau kuzigeuza alama (5 iwe 1, 4 iwe 2) kabla ya kuzijumlisha. Namna ya kutofautisha vyanzo hivi viwili ni kuangalia uhusiano wa kila kauli na jumla ya kauli nyingine. Kauli ambayo alama zake hazikugeuzwa huonyesha uhusiano hasi ulio wazi, na huwa hasi kwa kila mdadisi. Kauli iliyosikika vibaya huonyesha uhusiano ulio karibu na sifuri ukiitazama sampuli nzima, lakini ukiipasua utakuta ni chanya kwa wadadisi fulani na hasi kwa wengine, au inafuata kiwango cha elimu cha wahojiwa. La kwanza linarekebishwa kwa mstari mmoja wa amri katika programu. La pili halirekebishiki, kwa sababu huwezi kujua leo ni "hapana" ipi iliyokuwa ya mzee na ipi iliyokuwa ya jirani yake. Ondoa kauli hiyo na uandike sababu kwenye sura ya mbinu.

Chanzo cha tatu ni adabu. Mgeni amekuja na kalamu, amekaribishwa kiti, na mwenyeji anaona ni utovu wa heshima kumpinga. Wahesabu watu waliokubali kauli mbili zinazopingana, kwa mfano "viongozi wanasikiliza" na "viongozi hawasikilizi". Wakiwa wengi, unachokipima ni ukarimu wao zaidi ya imani yao. Tiba kwa awamu ijayo ni kuacha kumpa mtu kauli ya kukubali au kukataa, na badala yake kumpa pande mbili zenye uzito sawa: "Wapo wanaosema viongozi wa hapa wanasikiliza wananchi, na wapo wanaosema hawasikilizi. Wewe uko upande gani?" Akishachagua, ndipo unauliza kama ni sana au kwa kiasi. Swali la hatua mbili hutoa majibu ya mizani, ila lile la katikati, bila kumlazimisha mtu kubeba kichwani ngazi tano ambazo hakuna anayezitumia katika mazungumzo.

Yakishapita hayo ndipo urudi kwenye alfa yenyewe. Alfa hupanda kwa wingi wa kauli hata kama uhusiano kati yake ni dhaifu: kauli 5 zenye uhusiano wa wastani wa 0.2 hutoa alfa ya 0.56, na kauli 20 zenye uhusiano uleule hutoa 0.83. Kwa hiyo 0.7 si mstari uliochorwa na maumbile. Vilevile alfa ya 0.96 ni dalili ya kuchunguzwa na si ya kusherehekewa. Mara nyingi ina maana kwamba kauli zote zinarudia jambo moja kwa maneno tofauti, au kwamba kuna mdadisi aliyegusa "nakubaliana" kuanzia juu mpaka chini.

Watu wanaanza kazi saa nane za usiku

Fomu ilitengenezwa kwa saa 24. Mhojiwa akasema "saa mbili", mdadisi mmoja akaandika 08:00, mwenzake akaandika 02:00. Orodhesha saa zote kwa kila mdadisi: ambaye namba zake zote ziko kati ya 1 na 12 ameandika saa ya Kiswahili kama alivyoisikia, na data zake zinaokoleka kwa kuongeza saa sita, mradi ijulikane ilikuwa asubuhi au usiku. Asiyefuata utaratibu mmoja, leo akigeuza na kesho asigeuze, hawezi kuokolewa kwa hesabu. Kwa kazi inayofuata, mwache mdadisi aandike saa kama ilivyotamkwa, aongeze alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, na ugeuzaji ufanywe na programu.

Wanawake hawana kazi

Mdadisi amesimama kwenye kibaraza saa moja asubuhi. Mama aliye mbele yake anamimina unga wa mchele kwenye chuma cha vitumbua, anageuza vilivyoiva kwa kijiti, na watoto watatu wenye sare wamesimama na sarafu mkononi. Swali la dodoso linasema: "Je, katika siku saba zilizopita ulifanya kazi?" Mama anajibu, bila kuacha kugeuza, "Sina kazi mwanangu, nipo tu nyumbani." Mdadisi anaandika "hapana", fomu inaruka sehemu nzima ya ajira, na mama huyo anaingia kwenye jedwali la wasio na shughuli ya kiuchumi.

Hakudanganya. Kwa wengi "kazi" ni ajira, yenye mwajiri na mshahara. Anachofanya yeye ni "biashara ndogondogo", "kujishikiza", "kibarua" akienda kwenye shamba la mtu, au "kulima" tu, ambako hakuhesabiwi kabisa. Ukubwa wa tatizo hili umepimwa hapahapa Tanzania, kwa jaribio ambalo kaya ziligawiwa kwa nasibu matoleo tofauti ya sehemu ya ajira. Toleo fupi lisilo na maswali ya uchujaji lilipunguza kiwango cha wanawake waliohesabiwa kuwa katika nguvu kazi, na kumtumia mtu mwingine wa kaya kujibu kwa niaba ya mhusika kulipunguza kiwango cha wanaume; tofauti kati ya matoleo ilifikia hadi pointi kumi za asilimia. Watu ni walewale na msimu ni uleule. Kilichotofautiana ni swali na mjibuji.

Tiba, basi, ni kuuliza shughuli mojamoja kabla ya neno "kazi" kutajwa: je, ulilima au kupalilia shamba la kaya, uliuza chochote, ulipika au kushona kwa ajili ya kuuza, ulifanya kibarua hata kwa saa moja? Ikiwa data zimekwisha kukusanywa, angalia kama dodoso lina sehemu ya mapato au ya biashara za kaya. Mwanamke aliyesema hana kazi katika ukurasa wa 4 na kuonekana ndiye mwenye biashara ya kaya katika ukurasa wa 11 anaweza kurudishwa mahali pake, na idadi ya waliorudishwa iripotiwe wazi.

Mavuno hayaaminiki

Kaya moja imevuna magunia 60 kwa ekari moja na jirani yake magunia 2. Kabla ya kuziita namba za kupindukia na kuzifuta, uliza gunia lipi. Gunia la mahindi nchini Tanzania huchukuliwa kuwa kilo 100, Kenya ni kilo 90, na lumbesa hubeba zaidi ya hapo bila kipimo kinachojulikana. Wengine wametaja mahindi yakiwa bado kwenye magunzi. Ekari nayo, inayokadiriwa kwa hatua 70 kwa 70, hutegemea mguu wa aliyepima. Utafiti uliofanywa Uganda ukilinganisha makadirio ya wakulima na vipimo vya GPS ulikuta kwamba wenye mashamba madogo walielekea kuyataja kuwa makubwa kuliko yalivyo, na wenye makubwa kuyapunguza. Maana yake ni kwamba kosa la eneo halijifuti lenyewe kwa wingi wa sampuli. Linaegemea upande, na linaupinda uhusiano wowote utakaoutafuta kati ya ukubwa wa shamba na tija. Pima sehemu ya mashamba kwa kifaa, na upime debe la kijiji kwa mizani walau mara moja.

Sampuli haifanani na watu wa mahali

Umeenda kwenye kata ambayo kwa Sensa ya 2022 ina wanawake zaidi kidogo ya nusu, nawe umerudi na sampuli yenye wanawake asilimia 72 na karibu hakuna vijana. Vyanzo vikubwa ni viwili. Cha kwanza ni saa ya kubisha hodi: aliyehojiwa ni aliyekutwa nyumbani saa nne asubuhi. Hesabu uwiano wa wanaume kwa kila saa ya mahojiano. Ukipanda jioni, umekipata chanzo. Tiba ni kuchagua mhojiwa kwa nasibu kutoka kwenye orodha ya wanakaya kabla ya kujua nani yupo, kisha kurudi mara mbili au tatu kwa miadi.

Cha pili ni orodha yenyewe. Daftari la mwenyekiti wa kitongoji liliandikwa kwa ajili ya michango na chakula cha msaada, na hivyo huwasahau wapangaji, wachimbaji, vijana waliohamia karibuni na wajane waliorudi kwao, huku likiendelea kuwataja waliokwisha kuhama. Sampuli ya nasibu iliyotolewa kwenye daftari kama hilo ni ya nasibu kwa daftari tu. Wingi hauponyi kosa hilo. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi zipatazo milioni 10 kwa watu waliopatikana hasa kwenye orodha za simu na magari, zikarudi zaidi ya milioni mbili, likatabiri kwamba Landon angeshinda urais. Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48. Tembea kitongoji kimoja ukihesabu milango mwenyewe, ulinganishe na daftari, na utajua ukubwa wa pengo kabla hujachelewa.

Kila uhusiano unaonekana thabiti, mpaka mtahini aulize kuhusu vijiji

Sampuli ya watu mia nne imekuwa kama desturi katika tasnifu zetu, na inatoka kwenye kanuni ya Yamane: idadi ya watu ikigawanywa kwa moja kujumlisha idadi hiyo mara mraba wa kosa linalokubalika. Kwa kosa la asilimia 5, watu 20,000 wanatoa sampuli ya 393 na watu 200,000 wanatoa 400. Hesabu haina kosa. Tatizo ni kwamba kanuni hii imejengwa juu ya sampuli nasibu sahili, ambapo kila mtu amechaguliwa peke yake kutoka eneo zima, nasi tunaitumia kisha tunakwenda kwenye vijiji vinne na kuchukua watu mia mia.

Watu wa kijiji kimoja wanafanana: wanachota kisima kimoja, wanauza kwenye gulio moja, wanaongozwa na mwenyekiti mmoja. Mhojiwa wa mia wa kijiji haongezi habari nyingi juu ya wale 99 waliomtangulia. Ikiwa mfanano wa ndani ya kijiji, unaopimwa kutoka 0 (hawafanani) hadi 1 (wanafanana kabisa), ni 0.05 tu, kiwango ambacho si kikubwa, watu 400 kutoka vijiji 20 vya watu 20 kila kimoja wana thamani ya watu 205 waliochaguliwa mmojammoja. Watu haohao 400 wakitoka vijiji vinne wana thamani ya watu 67. Programu ya takwimu haijui hilo usipoiambia. Itahesabu kosa la kadirio kana kwamba una watu 400 huru, na kila mstari wa jedwali utapata nyota, alama ya uhusiano unaoonekana si wa bahati tu. Ukihesabu upya kwa kuzingatia vijiji, nyota nyingi zitatoweka, na kwa vijiji vinne hata marekebisho yenyewe hayategemeki, kwa sababu vipande vinne ni vichache mno kukadiria tofauti kati ya vijiji.

Namwonea huruma sana mwanafunzi anayelisikia hili kwa mara ya kwanza siku ya utetezi, kwa sababu fedha zake za uwandani zimekwisha na kosa lilipitishwa kwenye pendekezo la utafiti na watu waliopaswa kuliona. Kwa aliyeko bado kwenye pendekezo, tiba ni nafuu: ongeza vijiji na upunguze watu kwa kila kijiji. Aliyekwisha kukusanya aripoti makadirio kwa upana wake halisi, na agawanye madai yake kati ya yale yanayohusu vijiji vinne alivyovitembelea na yale aliyotamani kuyasema kuhusu wilaya.

Kundi linganishi nalo limepata nafuu

Mradi umefika vijiji vya kundi moja, vijiji vya kundi linganishi havikuguswa, na mwisho wa mwaka vyote vimeboreka kwa kiasi karibu sawa. Haraka ni kuandika kwamba mradi haukuwa na athari. Inawezekana ni kweli, lakini angalia kwanza kama athari imevuka mpaka. Mfano unaofahamika ni wa dawa za minyoo katika shule 75 za Busia, magharibi mwa Kenya, zilizogawanywa katika makundi matatu ya shule 25 na kuanza kupewa dawa kwa zamu kuanzia mwaka 1998. Miguel na Kremer, katika makala yao ya 2004, walieleza kwamba watoto ambao hawakumeza dawa nao walinufaika kwa sababu maambukizi yalipungua karibu nao. Laiti wangegawa dawa kwa mtoto mmojammoja ndani ya shule ileile, ulinganisho wao ungeificha sehemu ya athari. Mjadala uliofuata ulirekebisha baadhi ya hesabu za umbali, ila somo la usanifu limebaki: kipande cha kugawia, kama shule au kijiji kizima, kiwe kikubwa kuliko umbali ambao athari husafiri. Kulichunguza hilo katika data zako, panga vijiji vya kundi linganishi kwa umbali kutoka vijiji vya mradi. Vya karibu vikiwa vimeboreka kuliko vya mbali, kuna kilichovuja: mbegu zilizogawiwa shangazi wa kijiji cha pili, mafunzo yaliyosimuliwa gulioni, dawa iliyonunuliwa baada ya kusikia habari zake.

Ikiwa umbali hauonyeshi tofauti yoyote, angalia kalenda. Katika maeneo yenye msimu mmoja wa mvua, kama Ruvuma, kaya iliyohojiwa Februari iko kwenye miezi ya njaa na ghala ni tupu; kaya hiyohiyo ikihojiwa Julai imetoka kuvuna. Vipimo vya awali vya Februari na vya mwisho vya Julai vitaonyesha nafuu kwa kila mtu, mwenye mradi na asiye nao. Ukiwa na kundi linganishi lililopimwa miezi ileile, toa badiliko la kundi hilo kwenye badiliko la kundi la mradi, na msimu utaondoka kwa sehemu kubwa. Usipokuwa na kundi linganishi, hakuna kanuni itakayoutenganisha msimu na mradi. Unachoweza kuandika ni hali ya chakula ya Februari na hali ya chakula ya Julai, kila moja kwa mwezi wake, na neno "athari" likatolewa kwenye kichwa cha tasnifu kabla haijafungwa jalada.